Kabla ya kuchagua kamera, chagua lenzi

Ukitaka kununua kamera ya kubadilisha lenzi, usianze na Canon au Nikon. Anza na lenzi, kwa sababu bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, utaibadilisha baada ya miaka michache, lakini lenzi nzuri utakaa nayo. Lenzi za Canon za EF (jina la aina ya mlango unaofunga lenzi kwenye kamera) zipo tangu 1987, kwa hiyo zilizotumika ni nyingi na bei yake inavumilika. Kamera mpya za Canon zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) hutumia mlango mwingine, RF, ila kwa adapta utafunga EF yako bila shida. Waulize pia wapigapicha wenzako wanatumia nini, maana lenzi ya kuazima siku ya harusi ni msaada mkubwa.

Halafu angalia ukubwa wa sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachonasa picha. Fremu kamili ni milimita 36 kwa 24. APS-C ni ndogo zaidi, na hapo ndipo wengi hujikwaa: lenzi ya milimita 50 kwenye APS-C ya Canon inaona kama ya 80 kwenye fremu kamili, yaani eneo dogo zaidi. Niliwahi kupiga picha ya familia sebuleni na lenzi hiyo, nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, na bado bibi aliyekaa pembeni hakuingia. Kwa vyumba vyetu, tafuta ya 24 au chini ya hapo.

Fremu kamili hushinda kwenye mwanga hafifu, lakini lenzi zake ni nzito na ghali. Kama bajeti ni ndogo, nunua bodi ya APS-C iliyotumika, pesa inayobaki iweke kwenye lenzi.