Timu ya kikapu ya NBA ikiwa mkiani: ijengwe upya au isake ushindi sasa?

Anza na umri wa nyota wako. Akiwa na miaka 23, una muda. Akiwa na 33 na mkataba unakaribia kuisha, ama mwongezee wenzake sasa hivi, ama mtoe kabla thamani yake haijashuka. Kusitasita katikati ndiko kunakoua timu.

Ukiamua kujenga, usitegemee kufungwa tu. Kila mwaka timu huchagua wachezaji chipukizi kwa zamu, na droo huzipa timu dhaifu nafasi kubwa ya kutangulia. Kwa kanuni za droo zilizoanza 2019, timu tatu za mwisho zilipata uwezekano wa asilimia 14 kila moja wa kupata chaguo la kwanza, na ya mkiani kabisa iliweza kuangukia la tano. Detroit Pistons yaliwakuta 2023, yakawakuta tena 2024. Afadhali ubadilishe nyota kwa kijana na machaguo: mwaka 2019 Oklahoma City Thunder walimtoa Paul George, wakapata Shai Gilgeous-Alexander na machaguo matano ya raundi ya kwanza. Ubingwa ukaja 2025.

Ukisaka ushindi sasa, wekea kinga kila chaguo unalotoa, mathalani libaki kwako likiingia nne bora. Mwaka 2013 Brooklyn Nets waliyatoa yao bila kinga kuwapata nyota wa Boston Celtics, Kevin Garnett, 37, na Paul Pierce, 35. Kwa machaguo hayo Celtics wakavuna nyota wapya, Jaylen Brown na Jayson Tatum.