Jinsi ya kutoa moshi na kuingiza mwanga kwenye karakana bila feni wala taa mchana

Wakuu, mimi ni fundi wa kuezeka, na kitu kimoja nakiona kila siku hapa Dar: mtu anajenga karakana ya kuchomelea, kuta mpaka juu, bati mwanzo mwisho, halafu saa sita mchana taa zinawaka na vijana wanakohoa. Paa likipangwa vizuri tangu kwenye kenchi (fremu zinazobeba paa), vyote viwili vinaisha na umeme hautumiki.

Tuchukue karakana ya mita 10 kwa 20, kuta mita 3.5, kila upande wa paa mteremko wa mita 5.5. Yaani sakafu mita za mraba 200, paa 220.

Hatua ya 1: Anza na matundu ya chini, sio ya juu

Hapa ndipo wengi wanakosea na mimi nilishakosea pia. Karakana yangu ya kwanza niliacha uwazi mzuri sana juu, chini nikaweka vidirisha viwili tu kwa sababu mwenye nyumba aliogopa wezi, na moshi ukagoma kutoka. Fikiria jiko la mkaa, ukiziba kile kidirisha cha chini moto unafifia hata kama juu kuko wazi kabisa. Hewa ya moto haiwezi kupanda kama hakuna ya baridi inayoingia kuchukua nafasi yake.

Angalia hesabu. Juu ukiwa na uwazi wa mita za mraba 6 na chini 6, na ndani kukawa na joto kuzidi nje kwa digrii 5 tu, hewa yote ya karakana hii inabadilika kama kila dakika 5. Juu iache hiyohiyo 6, chini punguza iwe 1, sasa inachukua dakika 20. Juu hujagusa kitu!

Kwahiyo chini ya kuta, kuanzia sentimita 30 kutoka sakafuni, jenga tofali za matundu pande zote mbili ndefu, weka nondo na wavu kwa ndani. Pima uwazi wenyewe, usipime tofali zima, maana nusu ya tofali ni zege. Mlango mkubwa usiuhesabu, siku ya mvua utafungwa.

Hatua ya 2: Nyanyua kofia

Kwenye kilele cha paa usilaze kofia (bati la kufunika kilele) juu ya bati kama nyumba ya kuishi. Acha bati ziishie kabla ya kilele, simamisha vinguzo vifupi juu ya kenchi, kofia ikae juu ikiwa na uwazi wa sentimita 15 kila upande. Sentimita 15 mara mita 20 mara pande mbili, hizo ndio mita za mraba 6 zetu. Kofia itokeze nje vya kutosha, mvua ya upepo inaingia kwa kulala, na ukingo wa bati chini ya kofia ukunje kuelekea juu. Wavu uwe wa matundu makubwa wa kuzuia ndege, ule wa mbu unajaa vumbi na masizi ndani ya miezi michache unakuwa ukuta.

Uwazi huu usiwe na kifuniko cha kufunga. Moto ukitokea, moshi unajaa kuanzia juu unashuka, na kama una pa kutokea watu wanapata muda wa kuona mlango. Mwaka 1953 kiwanda cha General Motors kule Livonia, Michigan, kiliteketea kwa moto ulioanzia kwenye cheche za kukatia chuma, jengo lilikuwa kubwa mno halina kuta za kuzuia moto wala njia ya kutosha ya moshi kutokea paani. Cheche zilezile tunazorusha sisi kila siku.

Hatua ya 3: Bati za mwanga

Hizi ni bati za plastiki zinazopitisha mwanga. Usiweke nyingi, huku kwetu jua linapita utosini na utapika watu. Mimi naweka asilimia 5 ya paa. Mchana wa jua kali nje kuna kama laksi (kipimo cha mwangaza) 100,000, siku ya mawingu mazito chukua 10,000. Asilimia 5 ya bati inayopitisha asilimia 60, ukitoa na inayopotea njiani nusu, siku ya mawingu unabaki na laksi 150 na siku ya jua 1,500. Kazi za kawaida zinaenda bila taa, ila pale mtu anapopima vitu vidogo mwekee taa yake.

Asilimia 5 ya 220 ni mita za mraba 11. Bati likifunika sentimita 70, vipande sita vya mita 2.75 vinatosha (ongeza sentimita 20 mpaka 30 za kulaliana). Vitawanye, na kwa Dar vinne viweke upande wa kusini, kwa sababu kuanzia Machi mpaka Oktoba jua la saa sita linakuwa kaskazini kwetu.

Kufunga sasa. Polikaboneti, yaani plastiki ya bati hizi, inatanuka kuliko chuma zaidi ya mara tano, kipande cha mita 2.75 kikipata joto la digrii 40 zaidi kinaongezeka kama milimita 7. Toboa tundu kubwa kuliko skrubu, weka washa pana ya mpira, usikaze mpaka bati libonyee. Upande wenye kinga ya jua uangalie juu, umeandikwa kwenye nailoni yake.

Na tafadhali sana, hakuna kukanyaga bati la mwanga, hata jipya. Laza ubao juu ya papi (mbao zinazoshikilia bati) upite hapo. Vijana wanaanguka kwa kitu hiki.

Hatua ya 4: Jaribu kabla hujakabidhi

Washa makumbi mabichi ya nazi kwenye ndoo ya bati katikati ya karakana, mlango umefungwa. Moshi unyooke juu utokee kwenye kofia. Ukiona unazunguka chini ya bati na kurudi, usipande paani, nenda kaongeze matundu ya chini.