Kusanifu ghorofa la makazi Nairobi lisilohitaji kiyoyozi

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mchana wake kwa kawaida hauzidi sana nyuzi 28. Nyumba za ghorofani zikihitaji kiyoyozi hapa, kosa liko kwenye mchoro.

Anza na mkao. Urefu wa jengo ufuate mstari wa mashariki–magharibi, madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini. Magharibi weka ngazi, lifti, stoo na vyoo.

Kivuli kipimwe upande kwa upande, ingawa wengi hunakili kipimo kimoja pande zote. Chukua dirisha la kimo cha mita 1.5. Juni jua huwa kaskazini, na ikifika saa sita na nusu mchana liko nyuzi 65 hivi juu ya upeo. Bamba la zege juu ya dirisha, lililotokeza nje mita 0.7, hulizuia lote. Usiongeze, kwa sababu Juni hadi Agosti ni miezi ya baridi na jua la pembeni linakaribishwa ndani. Kusini jua hupiga Desemba, wakati wa joto, kwa hiyo bamba litokeze mita 0.9 ili kivuli kidumu kuanzia saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri.

Magharibi bamba halisaidii. Saa kumi na nusu jioni jua liko nyuzi 30 tu, na ungehitaji bamba la mita 2.6. Kama lazima dirisha liwepo, liwe dogo, na luva za wima (vibao vya kukinga jua) zikae nje ya kioo. Pazia la ndani huchelewa: joto limeshaingia.

Hewa hupenya vizuri upana wa jengo usipozidi mara tano ya kimo cha dari; kwa dari ya mita 2.7, hiyo ni mita 13.5. Korido ya katikati yenye nyumba pande zote mbili huharibu hesabu hii, kwani kila nyumba hubaki na upande mmoja wa madirisha na hewa haifiki mbali zaidi ya mita 7. Nyumba nne kila orofa, kila moja kwenye kona, ndiyo mpango bora.

Paa ndipo ghorofa refu linapobanwa. Tuseme orofa 15, nyumba 60, paa la mita za mraba 480. Chumba cha lifti, matangi na njia za mafundi vikichukua theluthi, zinabaki 320. Paneli za kupasha maji, mita za mraba 4 kwa kila nyumba, zinakula 240. Za umeme zinapata masalio, nazo zitoshe taa za ngazi na pampu.

Maji ya moto nayo yana mtego wake. Bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 20 hubeba lita 0.31 kwa mita. Likishuka mita 45 bila bomba la kurudisha maji, mkazi wa chini humwaga lita 14 za baridi kabla ya kuoga. Weka mzunguko wenye pampu ndogo, funika mabomba yote, na punguza shinikizo kwa valvu kwenye orofa za chini, maana mita 45 ni karibu bar 4.5.

Mvua ya paa isikudanganye. Milimita 900 kwa mwaka, ukitoa upotevu wa asilimia 20, huleta takriban mita za ujazo 346. Watu 180 wakitumia lita 100 kila mmoja, zinaisha kwa siku 19. Zielekeze vyooni pamoja na maji yaliyotoka bafuni, baada ya kuyachuja na kuyatibu. Kuflashi mara tano kwa siku, lita 6 kila mara, hutaka mita za ujazo 5.4 kwa watu hao.

Bustani za roshani mwambie mhandisi mapema: udongo ulioloa wa kina cha sentimita 50 huweza kufika kilo 900 kwa mita ya mraba. Bila hesabu hiyo, bamba hupinda na maji huvuja kwa jirani wa chini.

Mabomba ya maji yaliyotibiwa yawe na rangi yake tangu chini hadi juu, yasiunganishwe na bomba la kunywa popote, hata kwa valvu ya dharura. Fundi wa miaka ijayo hataona mchoro wako; ataona rangi tu.