Breki za gari la zamani: soma pedali kabla hujashika spana

Gari la miaka ya 1950 au 1960 likianza kusumbua breki, wengi hukimbilia kununua masta silinda mpya (pampu inayosukumwa na pedali). Kuna siku wanapatia. Mara nyingi wanafunga kifaa kipya na tatizo linabaki palepale, kwa sababu lilikuwa kwenye hozi (mpira unaopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu) au kwenye shuu (vipande vinavyobana gurudumu kwa ndani) zisizorekebishwa. Mwongozo huu ni wa gari lenye drami (ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu) magurudumu yote manne, au diski mbele na drami nyuma, bila busta (kifaa cha kuuongezea mguu nguvu).

Fahamu jambo moja kabla ya kuanza. Magari mengi ya enzi hizo yana mkondo mmoja tu wa mafuta ya breki: masta silinda moja, chemba moja, magurudumu manne. Bomba moja likipasuka, breki zote zinaondoka kwa mpigo na unabaki na handbreki peke yake. Kwa hiyo unyevu mdogo nyuma ya gurudumu si wa kuahirisha. Gari lisitoke mpaka umejua unatoka wapi.

Hatua ya 1: Kanyaga na usikilize

Zima injini, kanyaga pedali kwa mguu mzito, shikilia.

Ikishuka sana mara ya kwanza, kisha ukipampu mara mbili tatu ikapanda juu na kuwa ngumu, shuu ziko mbali na drami. Hiyo ni kazi ya kurekebisha tu, na ndiyo hali ninayoikuta kuliko nyingine zote. Ikipanda lakini bado inabonyea kama sponji, kuna upepo ndani ya mafuta ya breki. Ikisimama vizuri kisha ikazama polepole huku mguu umekaza, na hakuna tone nje, sili za masta silinda zinapitisha mafuta kwa ndani. Hapo ndipo masta silinda mpya ina maana. Ikiwa ngumu kabisa na gari bado halisimami, tazama lainingi (bitana ya shuu inayosugua drami) zilizolowa mafuta au kung'aa, au pisto zilizoganda kwenye silinda za magurudumu, zile zinazosukuma shuu.

Gari likivuta upande mmoja unapofunga breki, usikimbilie gurudumu la upande huo. Likivuta kushoto, huenda kushoto kuko sawa na kulia ndiko hakushiki.

Hatua ya 2: Tafuta mahali panapovuja

Inua zulia chini ya pedali uangalie pale fimbo inapoingia kwenye masta silinda. Kagua upande wa ndani wa kila tairi na bamba la nyuma la kila drami. Nyuma, tofautisha mafuta ya breki na oili ya difu (gia za ekseli ya nyuma) iliyopita kwenye sili ya ekseli: oili ya difu ni nzito na harufu yake ni kali, mafuta ya breki ni mepesi na huosheka kwa maji. Kila moja ina tiba yake.

Hatua ya 3: Fungua drami

Weka kabari, inua, kalisha gari kwenye stendi. Jeki peke yake haitoshi. Legeza handbreki na virekebishaji vya shuu kwanza, maana drami iliyochakaa huwa na ukingo unaozishika shuu isitoke.

Usipulize vumbi kwa kompresa. Lainingi za zamani nyingi zina asbesto. Vaa barakoa, lowesha kwa maji ya sabuni, futa kwa kitambaa na ukitupe kikiwa kibichi.

Piga picha ya springi, na fungua upande mmoja kwa wakati ili mwingine ubaki kielelezo. Inua raba za vumbi kwenye silinda ya gurudumu: ndani pakiwa na mafuta, silinda imekwisha hata kama hakuna kinachodondoka chini. Lainingi iliyolowa mafuta usiichome moto ukidhani itapona. Badilisha shuu za magurudumu yote mawili ya ekseli hiyo.

Hatua ya 4: Ishuku hozi

Hozi ya mpira iliyozeeka huweza kuonekana safi nje huku ndani imevimba. Mguu wako una nguvu ya kupitisha mafuta kwenda. Kurudi kunategemea springi za shuu, nazo hazina nguvu hiyo. Matokeo yake gurudumu linabaki limeshika, drami inachemka.

Kipimo hakihitaji kifaa maalumu. Gurudumu likiwa juu na limeshika, legeza nati ya bomba la chuma kabla ya hozi. Likiachia, shinikizo limenaswa huko juu, kwa masta silinda au pedali. Lisipoachia, kaza nati, kisha fungua nipeli ya gurudumu (skrubu ya kutolea upepo). Likiachia hapo, hozi ndiyo mkosaji. Lisipoachia kote, tatizo ni la chuma: pisto iliyoganda, shuu au kebo ya handbreki.

Magurudumu yote manne yakishika baada ya kwenda mwendo kidogo, pima nafasi kati ya fimbo ya pedali na pisto ya masta silinda. Inatakiwa kuwepo kiasi kidogo, kwa kawaida kama milimita moja. Isipokuwepo, tundu la kurudishia mafuta linabaki limezibwa. Mafuta yakipata joto yanatanuka, hayana pa kwenda, na breki zinajifunga zenyewe.

Hatua ya 5: Mafuta

DOT ni alama ya daraja la mafuta ya breki. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni jamii moja na hunyonya unyevu wa hewa. DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango cha chini kinachokubalika ni 155. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye na hizo. Mwaga ya zamani yote, na linda rangi ya gari, kwa sababu mafuta ya kawaida ya breki huibandua.

Hatua ya 6: Rekebisha shuu, kisha toa upepo

Mpangilio huu usiugeuze. Kaza kirekebishaji mpaka gurudumu ligome, kanyaga pedali ili shuu zikae katikati, kaza tena, halafu rudisha taratibu mpaka lizunguke kwa kugusa kidogo tu. Mbele kunaweza kuwa na virekebishaji viwili kwa kila gurudumu. Kebo ya handbreki irekebishwe mwisho.

Kutoa upepo, anza gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, isipokuwa kitabu cha gari kinasema vingine. Vesha nipeli mpira mwembamba unaoona ndani yake, ncha ya pili izame kwenye chupa yenye mafuta ya breki. Msaidizi anakanyaga na kushikilia, wewe unafungua nipeli na kufunga, ndipo anaachia. Weka kipande cha ubao chini ya pedali isifike sakafuni: kwenye masta silinda kuukuu, pisto ikifika sehemu isiyozoea, kutu ya huko hukata sili iliyokuwa nzima. Chunga tangi la mafuta ya breki lisikauke, la sivyo unaanza upya.

Nipeli zilizoganda zilowekwe oili ya kupenyeza tangu jana yake na zifunguliwe kwa soketi ya pembe sita.

Hatua ya 7: Jaribu

Kanyaga kwa nguvu dakika nzima na ukague kila kiungo. Kisha endesha mwendo wa kutembea, halafu kilomita 30 kwa saa mahali pasipo watu. Ukirudi, sogeza kiganja karibu na kila drami bila kuigusa. Inayochoma kuliko mwenzake wa ekseli ileile inaburuta. Iliyo baridi haifanyi kazi. Shuu mpya hukaa sawa baada ya kilomita mia chache, kwa hiyo rudia marekebisho ya hatua ya 6 wakati huo.