Krankesi ya piki imepasuka? Angalia haya kabla injini haijafunguliwa

Piki ikianza kudondosha oili pale steji utaskia ushauri wa kila aina, huyu anakuambia weka gundi, yule anasema nunua injini nzima ya mtumba, mwingine anajua welda mmoja Kondele, Kisumu, na wewe kwa sababu hesabu ya jioni ya kumpelekea mwenye piki inakungoja unakubali ifunguliwe hapo hapo kabla hata haijajulikana ni nini imevunjika. Hapo ndio pesa hupotelea. Kazi ya krankesi, yaani ile aluminiamu ya nje inayoshika kranki, gia na oili, nusu yake hufanywa kabla spana haijaguswa, na inaniuma nikiona mtu wa boda anarudia kazi moja mara mbili na watoto wanangoja unga nyumbani.

Cha kwanza kabisa, jua kama ni kava ama ni krankesi yenyewe. Kwa Boxer na piki nyingi tunazotumia huku, kulia iko kava ya klachi na kushoto iko kava ya magneto, na hizi ndizo huumia piki ikianguka kwa lami ama ikigongwa na mawe. Kava hubadilishwa bila kutoa injini kwa fremu, unahitaji kava, gasketi yake na oili, basi, siku hiyo hiyo unarudi barabarani. Lakini krankesi ni vipande viwili vimeshikana katikati na kila kitu kiko ndani yake, kwa hivyo kuibadilisha ni kutoa injini, kushusha hedi na silinda, kutoa klachi, magneto, gia, kranki, yote. Hizo ni kazi mbili tofauti kabisa na bei zake hazikaribiani, sasa usikubali kuambiwa tu "injini imepasuka" bila kuonyeshwa kwa kidole ni wapi.

Kama oili imetapakaa kila mahali na huoni ufa, tumia chaki. Osha hiyo sehemu na petroli na brashi ya meno iliyoisha, fanya hivyo injini ikiwa baridi na mbali na moto na sigara, acha ikauke kabisa, halafu saga chaki nyeupe ya shule upake hapo mpaka aluminiamu iwe nyeupe. Hakikisha oili ndani bado iko kwa kipimo, washa injini, iache ingurume pole pole dakika chache bila kuvuta eksileta. Oili itatokea kwa chaki kama laini nyeusi nyembamba na utaona ufa unaanzia wapi na unaishia wapi. Wengi huwa wamejiandaa kununua krankesi, chaki inawaonyesha ni oili sili ya shafti ya sproketi ndio imekufa, ama ni nyuzi za bolti ya kumwaga oili zimeisha kwa kukazwa kupita kiasi. Sili ni pesa kidogo. Nyuzi zikiisha fundi wa lethi, ile mashine ya kuchonga chuma, anatoboa anaweka bushi yenye nyuzi mpya, hakuna haja ya kununua kesi.

Sasa kama kweli ni ufa, uliza umekaa wapi kabla ya kuuliza bei ya kuchomelea. Ufa mdogo kwa ukuta tupu, mahali hakuna beringi na hakuna bolti ya kushika injini kwa fremu, unachomeleka vizuri. Ukiwa kwa kikalio cha beringi, ama kwa ule uso kesi mbili zinakutana, ama kwa sikio la injini maunti, yaani pale bolti ya kushika injini kwa fremu inapita, mimi ningesema nunua kesi, kwa sababu moto wa kuchomelea hupinda aluminiamu na beringi ikikaa kombo hata kidogo kranki haitadumu. Na kama konrodi, kile chuma kinachounganisha pistoni na kranki, ilikatika ikatoboa kesi, usihesabu shimo pekee, hesabu kranki, pistoni na silinda pia, na vipande vya chuma huenda vimeshaingia kwa pampu ya oili.

Welda naye mchague na macho yako mawili. Yule wa kutengeneza mageti na madirisha na ile mashine yake ya fimbo si wa hii kazi hata kama ni rafiki yako. Aluminiamu yenyewe huyeyuka kwa nyuzi joto 660 hivi lakini ile ngozi ya kutu nyeupe juu yake haiyeyuki mpaka zaidi ya nyuzi 2000, ndio maana inahitajika mashine ya TIG yenye gesi ya agoni na mtu anayejua kuisafisha kwanza. Ukienda kumuona, angalia anavyoandaa. Anayejua atapasha kesi moto kwanza, na utaona oili nyeusi iliyokuwa imejificha kwa aluminiamu ikitoka kwa ufa ikitokota, anafuta, anapasha tena, mpaka ikome. Halafu anatoboa katundu kadogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee kutembea, anachimba mfereji kuufuata ufa ndio welding iingie ndani badala ya kulala juu. Ukiona anataka kuchomelea na oili bado iko, shukuru uende kwingine. Na kama inachomelewa ikiwa kwa piki, betri ifunguliwe na CDI, kile kisanduku cha kupeleka umeme kwa plagi, ichomolewe kwanza.

Gundi ya chuma ile ya kuchanganya mirija miwili si mbaya, inasaidia kwa kava yenye katundu kadogo ukiwa huko Maseno ama Luanda na unataka tu kufika nyumbani, bora ipewe muda wa kukauka vile pakiti imeandika. Kwa krankesi inayobeba mzigo usiitegemee.

Ukiamua kununua, hapa nataka uwe makini sana kwa sababu injini namba imegongwa kwa krankesi na ndiyo iko kwa logbuku. Kesi ya mtumba inakuja na namba ya piki ya mtu mwingine. Bei inaweza kuwa tamu lakini piki hiyo ikiwa iliibiwa, wewe ndio utaeleza polisi. Dai risiti, nakala ya logbuku ya ile piki ilitoka na kitambulisho cha anayeuza, muandikiane, kisha ubadilishe rekodi NTSA, ile mamlaka ya serikali inayosajili magari na piki, kupitia eCitizen na uambie watu wa inshua. Mtu akikuambia atafuta namba agonge yako, kataa kata kata. Na kama piki bado iko kwa mkopo ama ni ya tajiri, yaani mwenye piki aliyekuajiri, waambie kabla, mkubaliane pia hesabu ya zile siku piki itakuwa imelala, maneno haya yakisemwa mapema hakuna mtu anakosana na mwingine.

Kesi inunuliwe pea, kushoto na kulia pamoja. Mara nyingi kiwandani zinachongwa kama pea, kwa hivyo kushoto ya hii na kulia ya ile zinaweza kufungana vizuri tu kwa macho na bado mashimo ya beringi hayaangaliani. Beba ile ya zamani mpaka dukani ulinganishe kila tundu, maanake Boxer ya 100 na ya 150 si kitu kimoja.

Speya zote ziwe mkononi kabla injini haijafunguliwa: seti nzima ya gasketi, oili sili zote, beringi za kranki na za gia kama za zamani zinacheza ama zinanguruma ukizungusha na kidole, zile pini za kuelekeza kesi, na oili ya pikipiki. Oili iwe na alama ya JASO MA kwa kopo kwa sababu klachi yetu inaogelea kwa oili hiyo hiyo ya injini, na oili zingine za gari zinaifanya iteleze. Uliza fundi pia kama ana pula ya magneto, kile kifaa cha kuivuta itoke bila kugongwa. Kama pula yake ni nyundo na tindo, basi hiyo kesi mpya itapasuka kama ile ya kwanza.

Itisha katoni kubwa ukiwa hapo. Chora umbo la kesi na kalamu, toboa tundu kwa kila mahali bolti inatoka, na kila bolti ikitoka iingie tundu lake kwa katoni. Bolti za krankesi si urefu mmoja, na bolti ndefu ikiingizwa kwa shimo fupi itagonga mwisho, fundi aendelee kukaza akidhani bado, paa, kesi mpya imepasuka. Piga picha na simu pia, waya za magneto hasa. Na usifungulie injini nje bila turubai, mchanga ukiingia kwa beringi umemaliza.

Halafu tafuta kilichovunja. Kama ni cheni ilikatika ikajikunja nyuma ya sproketi ya mbele ikapiga kesi, na hiyo ni mara nyingi, basi cheni na sproketi zote mbili ziingie kwa bajeti sasa hivi, na kile kikava cha sproketi ambacho wengi wametoa kirudi. Ukiweka kesi mpya na cheni ile ile iliyolegea unanunua shida tena. Kama ni bolti za injini maunti zilikuwa zinacheza, hizo pia.

Siku ya kuwasha, plagi itolewe kwanza, injini ipigwe kiki mara kadhaa oili ifike juu, plagi irudi ndio iwashwe. Usibebe watu watatu na gunia siku hiyo. Wiki ya kwanza lalisha piki juu ya katoni safi uangalie asubuhi, na hiyo oili ya kwanza imwage mapema, ichuje kwa kitambaa cheupe, ukiona inametameta chuma rudi kwa fundi na hicho kitambaa mkononi kabla hujabeba mteja mwingine.