Namna ya Kujua Kampuni Inamtumikia Nani

Mkazi wa Tanga haipiti siku bila kukutana na kampuni: saruji ya Pongwe, maziwa ya pakiti, mashamba ya mkonge, na sasa bomba la mafuta ghafi linalosafiri kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani. Kila kampuni ina maneno mazuri kuhusu maendeleo ya jamii, nayo yasikushughulishe mwanzoni. Fuata fedha yake, tangu inapoingia mpaka inapotoka, nawe utajua inamtumikia nani.

Kwanza elewa kampuni ni kitu gani. Mbele ya sheria kampuni ni mtu: inamiliki mali, inakopa, inashtaki na kushtakiwa kwa jina lake, wala haifi waanzilishi wake wanapofariki. Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliuthibitisha msingi huo mwaka 1897 katika shauri la Salomon, mtengenezaji wa viatu wa London, na sheria yetu imeurithi. Chukua ndugu wawili wa Ngamiani wenye duka la vifaa vya ujenzi. Wakiliendesha kwa majina yao wenyewe, kisha likafilisika likiwa na deni la shilingi milioni 40, mdai anaweza kuzifuata hata nyumba zao. Wakilisajili BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kuwa kampuni yenye hisa, na kila mmoja akalipia kikamilifu hisa za milioni 5, basi hasara yao kama wanahisa inakomea hapo. Ukomo huo ndio unaomwezesha mtu wa mbali kuweka akiba yake katika kiwanda ambacho pengine hatakikanyaga maishani, na bila watu wa namna hiyo mtaji mkubwa ungepatikana kwa shida sana. (Benki zinalijua hilo vizuri, ndiyo maana wakurugenzi wa kampuni ndogo huombwa kutia saini dhamana binafsi kabla ya mkopo kutolewa. Saini hiyo huwarudisha ndugu zetu pale pale walipokuwa, kwa hiyo isomwe kwa makini.)

Pili, tafuta hati. BRELA hutunza jalada la kila kampuni iliyosajiliwa, lenye katiba yake na majina ya wakurugenzi na wanahisa, na mtu wa kawaida anaweza kuomba upekuzi kwa kulipa ada. Kwa kampuni zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, ambalo lilianza mauzo mwaka 1998, kazi ni nyepesi zaidi kwa sababu hesabu zake zilizokaguliwa hutangazwa kila mwaka.

Tatu, isome taarifa ya mapato kutoka juu kwenda chini, kwa maana mpangilio wake ndio foleni ya malipo. Juu kabisa kuna mauzo. Hapo hutolewa gharama za malighafi, mishahara na riba ya mikopo, kisha kodi, ambayo kwa kawaida nchini ni asilimia 30 ya faida. Kinachosalia ndicho cha wanahisa, ama kama gawio ama kama faida iliyobakizwa kukuza biashara. Mwanahisa basi ndiye wa mwisho katika foleni, na hiyo ndiyo hoja kubwa ya kumpa yeye kura katika mkutano mkuu wa kampuni.

Hapa mfano wa maziwa una mafunzo mengi. Kiwanda cha Tanga Fresh kilianza katika miaka ya 1990, chama kikuu cha ushirika cha wafugaji kikiwa miongoni mwa wenye hisa pamoja na wawekezaji wa Uholanzi. Mtazame mfugaji anayefikisha ndoo yake kituoni asubuhi: maziwa yanapimwa kwa laktomita ili kubaini kama yametiwa maji, yanajaribiwa kwa alkoholi, na yakikatika anarudi nayo nyumbani. Bei ya lita anayolipwa ni mapato kwake, lakini katika vitabu vya kiwanda ni gharama. Ikipanda, faida ya kiwanda hupungua, na hisa za ushirika wake huvuna kidogo. Mfuko mmoja unajaa mwingine ukipungua. Ningekuwa mimi, ningeangalia bei kwanza, kwa kuwa hiyo hulipwa kwa kila lita, ilhali gawio hutegemea uamuzi wa mkutano na hupitia mikono mingi kabla ya kumfikia mwenye ng'ombe.

Nne, tafuta gharama zisizoandikwa vitabuni: vumbi, maji machafu, barabara iliyochimbika kwa malori. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari kwa miradi mikubwa, iulizie.

Kuhusu lengo la kampuni, wataalamu hawajaafikiana. Mchumi wa Marekani Milton Friedman aliandika mwaka 1970 kwamba wajibu wake ni kuongeza faida ndani ya kanuni. Mwaka 2019 wakuu wa kampuni 181 za Marekani walitia saini tamko la kuwahudumia pia wateja, wafanyakazi, wauzaji na jamii. Sheria ya Kampuni ya Tanzania ya mwaka 2002 inawataka wakurugenzi wazingatie maslahi ya wafanyakazi pamoja na ya wanahisa, ingawa mwenye kura mkutanoni hubaki kuwa mwanahisa. Pwani yetu ina sababu yake ya kuuliza kampuni inamtumikia nani. Mwaka 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikodisha pwani hii kwa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na mawakala wa kampuni hiyo walipoanza kutawala Pangani, Abushiri bin Salim aliongoza upinzani uliowashinda kuuzima bila jeshi la serikali yao. Ile ilikuwa kampuni inayotoza ushuru wa forodha.

Mwisho, ukiwa na hisa, hata chache, hudhuria mkutano mkuu wa mwaka au umteue mwakilishi kwa maandishi. Mpelekee katibu wa kampuni swali lako mapema, likitaja ukurasa wa hesabu unaouliza, na omba jibu liingizwe katika kumbukumbu za mkutano.