Jinsi ya kukipata kiima katika sentensi ya Kikhanti

Kikhanti huzungumzwa Siberia ya Magharibi, kando ya mto Ob na matawi yake, na ni ndugu wa Kimansi na Kihungari. Wengi wanaoanza kukichambua hukimbilia nomino, wakitafuta alama ya kiima. Mimi huanzia kwenye kitenzi.

Hatua ya 1. Soma sentensi zilizotangulia, kisha andika swali linalojibiwa na sentensi yako. Nani tayari anazungumziwa? Huyo ndiye mada. Ukiruka hatua hii, yanayofuata yote ni kubahatisha.

Hatua ya 2. Kata kitenzi. Katika lahaja ya kaskazini ya Obdorsk, *ma tam kalaŋ weːlsəm* ni "nilimuua kulungu huyu": *ma* mimi, *tam* huyu, *kalaŋ* kulungu, *weːl-* ua, *-s-* wakati uliopita, *-əm* nafsi ya kwanza. Hapo swali ni "ulifanya nini?" Ukiulizwa "ulimfanya nini kulungu huyu?", utajibu *weːlseːm*, sasa *-eːm* inambeba mtendaji pamoja na mtendwa mmoja. Angalia vizuri: kulungu ni "huyu" kotekote. Kilichobadilika ni nafasi yake katika mazungumzo.

Kiswahili kinakusaidia kuihisi tofauti hii: *nimeona kitabu*, *nimekiona kitabu*. Usijipime kwa mnyama, maana kwetu viumbe hai hudai *-m-* karibu kila mara.

Hatua ya 3. Mtendaji asipokuwa mada, lahaja za kaskazini hugeuza kitenzi kuwa cha kutendwa. Mtendwa huwa kiima, naye mtendaji, akitajwa, huchukua kiambishi cha mahali, *-na* huko Obdorsk. Hata mpokeaji wa kitu aweza kupandishwa kuwa kiima.

Hatua ya 4. Ukifika lahaja za mashariki, kama za mito Vakh na Vasyugan, punguza mwendo. Utamkuta mtendaji mwenye kiambishi cha mahali ilhali kitenzi hakina alama ya kutendwa, na kinapatana naye. Usiandike "kutendwa". Huyo ni kiima, japo amevaa alama ya mahali.

Wapo wanaouita muundo huu ergativu, yaani muundo ambamo mtendaji wa kitenzi chenye mtendwa huvaa alama yake ya pekee. Nakushauri jina hilo lisubiri. Katika jedwali weka safu ya umbo la nomino, ya upatanisho wa kitenzi, na ya swali la hatua ya 1, ukitumia simulizi nzima. Sentensi mojamoja zilizotafsiriwa kutoka Kirusi hazikuonyeshi mada ilikuwa nani.